Swichi Mpya na Kiti cha Baba Saidi

Faida,

Kuhusu chandarua, maji ya kuchemsha, na pikipiki ambayo usiipande ikiwa dereva amekunywa, mama yako ameshasema yote. Asubuhi ataanza upya, na wewe utaitikia upya. Mimi sina la kuongeza. Mmeenda kuwaaga watu wa kwaya, nyumba imetulia, jua bado halijashuka nyuma ya paa la mwalimu Onezime. Nimekaa kwenye meza yangu ya kazi nikuandikie habari moja tu, kwa sababu mimi kazi yangu ni habari, na hii nataka uende nayo Kindu ikiwa imeandikwa sawasawa, kabla watu wa mtaa hawajaipamba.

Nianzie kwenye spika. Wewe umezikuta nyumbani, kwa hiyo hujui kwamba zilitoka Nyangwe, katika baa iliyokuwa inafungwa. Mwenye baa alikuwa anataka kuzifanya mabanda ya kuku. Nilizivusha kwa mtumbwi, zimelazwa chali kama wagonjwa, kisha zikapanda baiskeli mbili hadi Kasongo. Mama yako alipoziona alisema, "Hizi zitaingia, au sisi tutoke?" Ziliingia. Ile ya kushoto ina tundu nililoziba kwa gundi na kipande cha shati langu. Ampli, mashine ya kukuza sauti, ilikuja baadaye, ikitoka kanisani walipopata nyingine. Kwa miaka tulipiga muziki wa kwenye flashi, na ulipokuja mtandao wa setilaiti tukaweka kile kisanduku kinachovuta muziki moja kwa moja kutoka hewani. Tangu hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya Jumapili. Kila jirani anakuja na kiti chake, na mwenye kiti ndiye mwenye haki ya kuchagua wimbo. Aliyekuja mikono mitupu anasikiliza tu. Sheria hiyo hakuna aliyeitunga, na sijawahi kuona mtu akiivunja.

Lakini kulikuwa na ule mvumo. Unaukumbuka: chini ya kila wimbo, hata muziki ukisimama, kitu kinavuma kama nzi ndani ya chupa. Nilibadilisha nyaya za spika. Nilihamisha ampli. Nilimlaumu yule mwimbaji wa zamani unayempenda, nikasema labda studio yao ilikuwa na nzi. Kisha nikaanza kusoma kwenye mtandao maandishi ya watu wa mbali wanaopenda sauti kuliko chakula, na wengi wao waliandika neno moja: badilisha swichi ya mtandao. Kile kisanduku kidogo cha plastiki ambamo nyaya zote za nyumba hukutana, walisema, ndicho kinachochafua muziki. Weka kizuri, cha chuma, na pazia litaondoka mbele ya mwimbaji.

Ulinisikiliza hadi mwisho, ukaniambia, "Papa, swichi inapitisha namba. Namba ikifika, imefika. Haifiki ikiwa na matope."

Nikakujibu kwamba wewe hujaishi na spika hizi kama mimi. Hilo halikuwa jibu. Mtu wa kijiji akinijibu hivyo kwenye mahojiano, ninamuuliza swali lilelile mara ya pili.

Swichi ya chuma ililetwa na mwenzangu wa redio aliyekuwa Goma, imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Nzito, nzuri, ina taa za buluu. Niliifunga siku ya Ijumaa mchana, wewe ukiwa shuleni kufuata vyeti vyako. Hapo ndipo nilipokuta jambo ambalo katika kusoma kwangu kote sikuliangalia: ile ya zamani ilikuwa na matundu manane, na mpya ina matano. Nyaya zetu ni sita. Wa antena, wa kisanduku cha muziki, wa kompyuta yangu, wa kwako, wa mwalimu Onezime, tunayemgawia mtandao, unaopita juu ya jiko, na mmoja mwingine mweusi, mnene, wenye vumbi, ambao kwa wakati ule sikukumbuka unakwenda wapi. Nikatazama taa. Nyaya tano zilikuwa zinamweta, na ule mweusi taa yake imezimika kabisa. Nikasema huu umekufa. Nikauchomoa, nikauacha uning'inie nyuma ya kabati.

Nikawasha muziki. Faida, nzi hakuwepo.

Siwezi kukueleza furaha ile bila kujidhalilisha, kwa hiyo nitasema tu kwamba mama yako alitoka jikoni akiwa na mwiko, akanikuta nimesimama katikati ya sebule nimefumba macho, akauliza kama nimepata simu ya msiba.

Jumapili nilitoa hotuba. Ulikuwepo, sitairudia. Nilisema neno "teknolojia" mara nyingi kuliko inavyofaa. Wageni walikubali wote. Mwalimu Onezime akasema, "Sasa ninasikia hata mate ya mwimbaji." Mke wake akasema anasikia gitaa ambalo zamani halikuwepo. Mimi nikayapokea yote kama ushahidi. Mtu ambaye kila wiki anawafundisha vijana wa redio kwamba habari haitoki hewani mpaka watu wawili wasiojuana waseme jambo moja, siku ile hakuona kwamba mashahidi wake wote walikuwa wageni wake, na mikononi walikuwa wameshika karanga zake.

Wewe ndiye uliyeniuliza, "Kiti cha Baba Saidi kiko wapi?"

Nikakujibu dukani atakuwa na wateja.

Nataka usome vizuri hapa, maana hili ndilo linalonichekesha na kuniuma kwa pamoja. Ninapokwenda Wamaza kwa mkutano wa wakulima, jambo la kwanza ninaloandika ni nani hakuja. Waliokuja watasema wenyewe. Asiyekuja ndiye habari. Nimefanya hivyo Kabambare yote, kwenye vikao vya machifu, vya wachimbaji, vya akina mama wa soko. Na katika sebule yangu, jirani ambaye hajawahi kukosa Jumapili hakuja, na mimi nikaongeza sauti.

Siku zilizofuata unajua zilivyokwenda. Ulikuwa unangoja neno kutoka kwa Zubeda, dada yake Baba Saidi kule Kindu, kama chumba chake kipo. Baba Saidi mwenyewe ndiye aliyetoa wazo hilo, tena kwa mkono juu ya kifua: mtoto wenu ni mtoto wetu, atalala kwa dada yangu. Sasa kimya. Mama yako alikutana naye akitoka kuchota maji, akamsalimia, akamuuliza habari za Zubeda. Akajibiwa kwa upole mkubwa, "Tutaona. Na umuambie Baba Faida, nimeelewa."

"Ameelewa nini?" nikauliza.

"Wewe ndiye muandishi wa habari," mama yako akasema. "Mimi ninajua neno moja. Mutoto wangu hataenda Kindu kulala kwa watu wasiojulikana. Kama chumba hakiko, safari haiko. Atangoja mwaka mwingine."

Nilikuona ukiondoka mezani bila kumaliza fufu. Kozi ya mitandao ilikuwa inaanza, jina lako limeshapokelewa, na yote yalikuwa yananing'inia kwenye mlango wa mwanamke ambaye hatujawahi kumwona.

Nilifikiri utalia. Badala yake ulikuja sebuleni, ukanigeuza kiti nikatazama ukuta. Ulisema unataka kufanya kitu kwa mikono, la sivyo utavunja sahani.

"Papa, nitapiga wimbo. Mara nyingine kwa swichi ya zamani, mara nyingine kwa mpya. Utasema ni ipi."

"Hata nikiwa nimelala nitajua."

Ukapiga. Nikasema hii ni ya zamani, sauti imebanwa. Ukapiga tena. Nikasema, "Hii! Hii ni mpya! Sikia besi ilivyosimama."

"Papa, sijagusa kitu."

Mama yako, aliyekuwa anachagua maharagwe, alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Nikamwambia aje ajaribu yeye. Akakaa, akageuzwa ukutani, akasikiliza kwa heshima yote. "Ya kwanza ilikuwa na chumvi," akasema. Naye alikosa. Tukaendelea hivyo, na kila nilipokuwa na hakika zaidi ndipo nilipokuwa mbali zaidi. Kitu kimoja tu hakikubadilika: mvumo haukuwepo, si kwa mpya, wala kwa ile ya plastiki.

Hapo ulikaa sakafuni mbele ya swichi mbili. Nakujua ukikaa hivyo. Ulikaa hivyohivyo ulipokuwa mdogo kule Wamaza, ulipofungua redio ya bibi yako sakafuni, ukairudisha yote, na skurubu moja ikabaki nje, na redio ikasema vizuri kuliko kwanza. Bibi yako aliniambia, "Muache. Hiyo moja ilikuwa kodi."

Ukasema, "Kama ya zamani haivumi sasa na zamani ilivuma, basi si swichi. Kuna kitu kilichokuwepo na sasa hakipo." Ukainama nyuma ya kabati. Ukatoka na ule waya mweusi mkononi. "Huu ni wa nani?"

"Umekufa," nikasema. "Ulikuwa hauna taa."

Ukauchomeka kwenye ile ya plastiki. Taa ikawaka, na nzi akarudi kwenye spika zote mbili.

Ukatoka nje ukiufuata waya kwa vidole, mimi nyuma yako, kupita chini ya dirisha, juu ya ua, pembeni ya choo cha mwalimu, hadi ukutani mwa duka la Baba Saidi. Tukasimama pale tunatazamana. Nikakumbuka kila kitu kwa mpigo mmoja: mimi mwenyewe ndiye niliyeuvuta waya ule, zamani, na Baba Saidi alinishikia ngazi. Na nilifunga swichi mpya Ijumaa mchana. Ijumaa mchana Baba Saidi hufunga duka aende msikitini, na kabla ya kwenda huzima kisanduku chake cha mtandao, ili vijana wasikae barazani kwake kutazama mpira wakati wenzao wanaswali. Friji huiacha ikiwaka, kwa ajili ya samaki. Mtandao huuzima. Kwa hiyo taa haikuwaka, kwa sababu mwenye waya alikuwa anasali.

"Papa," ulisema, "umemkata mtu tangu Ijumaa ile. Kwake mtandao ulikufa siku uliyoleta mashine mpya. Jumapili alisikia hotuba yako akiwa kwake."

Nilitaka turudi nyumbani kwanza nipange maneno. Wewe ulikuwa umeshapiga hodi.

Baba Saidi alikuwa nyuma ya kaunta anapima chumvi. Hakuinua macho. "Karibuni, watu wa sauti safi. Sisi wa kelele tuko huku."

"Baba Saidi, nimekuja na kosa langu," nikasema.

"Kosa gani? Nyumba iko yako, mashine iko yako, waya uko wako. Mutu hakatazwi kufunga mulango wake."

"Hakufunga, Baba," ukasema. "Aliona taa imezimika, akafikiri waya umekufa."

"Ilizimika lini?"

"Ijumaa. Saa ya swala."

Akaweka chini kijiko cha chumvi. Nilimwona akihesabu kichwani. Kisha uso ukaanza kuvunjika kutoka kwenye masharubu. "Kwa hiyo mimi nilikatwa ju ya kuswali?"

Nilijibu ndiyo. Sikuwa na namna nyingine ya kulisema.

"Mama Saidi!" akaita kuelekea ndani. "Njoo usikie! Tulifikiri Baba Faida ametukasirikia, kumbe ni ju ya kumuogopa Mungu!"

Alicheka, na mimi nikapumua. Lakini wewe hukumwachia mambo nusu. Ukamwambia pia habari ya mvumo: kwamba waya ule mweusi una ganda la bati ndani, kwamba yeye ana paneli zake za jua na sisi tuna zetu, na bati lile lilikuwa limeunganisha umeme wa nyumba mbili ambazo hazikutakiwa kuunganishwa, na kilichokuwa kinavuma kwetu ni friji yake.

"Friji yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Iko inaimba kwenu, na mimi mwenye friji sisikii?"

Sauti ya Mama Saidi ikatoka ndani, "Nilikuambia hiyo friji iko na mudomo!"

"Miaka yote hiyo," Baba Saidi akanigeukia, "mulisikiliza friji yangu, na karanga mulinipa kidogo hivyo?"

Halafu akaacha kucheka, akaifuta kaunta mahali palipokuwa pasafi. Akasema hakumwuliza Zubeda. Si kwa sababu ya mtandao. Simu ya kawaida angeweza kupiga. Aliona vibaya kumwomba dada yake chumba kwa ajili ya watu ambao pengine hawamtaki tena. Na angemwambiaje? Hivyo akanyamaza, akingoja mimi niseme. Na mimi sikusema kwa sababu sikujua kuna la kusema. Tulikaa jirani na jirani, kila mmoja akimwonea mwenzake haya, na katikati yetu wewe na sanduku lako tupu.

Alipiga simu palepale, akaweka sauti ya nje. Zubeda aliitikia kama mtu aliyekuwa ameshika simu mkononi.

"Nyinyi watu wa Kasongo mulikufa?" akasema. "Chumba niliishafagia. Godoro niliishaanika. Nikasema labda mutoto amepata bwana."

"Apana, Mama," ukasema, "nimepata friji."

Hakuelewa, lakini alicheka kwa sababu sisi tulicheka.

Waya mweusi uliuondoa siku ileile ukaweka wa kawaida, usio na bati. Ulibana ncha zake kwa mkono wako, umekaa juu ya gunia la mchele, Baba Saidi akikushikia tochi mchana kweupe kwa sababu alitaka naye awe na kazi. Mtandao ukarudi kwake. Mvumo haukurudi kwetu. Tangu siku ile swichi inayofanya kazi ni ile ya zamani yenye matundu manane. Ya chuma nimeirudishia kitenge chake, iko ndani ya sanduku lako chini ya viatu. Utaifungua darasani na kuona ndani yake. Mashine haina kosa lolote, na nitakuambia ukweli: siku nyingine, nikiwa peke yangu, bado ninadhani ilikuwa na besi nzuri zaidi. Ninajua si kweli. Masikio yangu hayajui.

Ulipokuwa mdogo ulinifuata redioni, na niliwaza kwamba siku moja utakaa kwenye kiti changu mbele ya kipaza sauti. Sikukuambia, ila nadhani ulijua. Siku ile nyuma ya kabati niliacha kuwaza hivyo, na sikuhuzunika hata kidogo. Ulifanya kazi yangu mbele yangu: uliuliza ni nini kilichokuwepo na sasa hakipo, ukafuata kwa vidole mpaka kwa mtu, ukapiga hodi kabla ya mimi kupata ujasiri. Hayo utayafanya popote, kwa waya au kwa kalamu. Nitakalosema ni moja tu, na si agizo. Kule utakuwa na walimu na vitabu, na mtandao ukikatika utajua tundu gani la kutazama. Nenda pia kwa mwenye nyumba aliye upande wa pili wa waya. Nenda mapema. Mimi nilichelewa zaidi ya wiki, na wiki ile ilikaribia kukugharimu mwaka mzima.

Usidhani nakuandikia kwa majonzi. Tangu jana mtaa wote unatembea kama unakwenda harusini. Baba Saidi amewaambia wateja kwamba mtoto wake anakwenda Kindu kusomea friji, na nimechoka kumsahihisha. Mama yako amekunja nguo zako, akazikunjua, akazikunja tena, na anaimba. Bibi yako ametuma karanga kutoka Wamaza kwa dereva wa pikipiki, na agizo kwamba usifungue redio ya mtu huko bila ruhusa.

Nawasikia mnarudi, kwa hiyo nafupisha. Zubeda amepiga simu mlipokuwa kwenye kwaya. Alikuwa na swali moja la mwisho: chumba chako kiko upande wa barabara, pikipiki zinaanza mapema sana, je, mtoto huyu usingizi wake ni mwepesi? Nikamwambia kwamba unalala kama gogo, hata spika za Nyangwe hazijawahi kukuamsha. Hilo ndilo swali la mwisho nililojibu kwa niaba yako. Kesho akikuuliza lingine, atakuuliza wewe mlangoni kwake, na mimi nitakuwa huku, sisikii umejibu nini.

Papa